Mtoto mwenye Asperger anapoadhibiwa bila kuelewa kosa: mzazi aanzie wapi?

Kila ifikapo tarehe 2 Aprili, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kwa ajili ya usonji, redio zetu huzungumza kwa siku mbili tatu juu ya watoto wasiosema, wanaozunguka mahali pamoja na wasioitika wanapoitwa majina yao. Mzazi ambaye mtoto wake anasema kutwa nzima, anavijua vituo vyote vya Reli ya Kati kwa mpangilio na anaongoza darasa katika hisabati husikiliza mazungumzo hayo akiamini kwamba hayamhusu. Baada ya wiki chache anaitwa shuleni kwa mara ya nne ndani ya muhula mmoja, na anaambiwa maneno ambayo wazazi wengi wa watoto wa aina hii wameyasikia: mtoto ana akili, ila ni jeuri.

Kauli hiyo fupi imebeba hukumu mbili. Ya kwanza ni kwamba mwenye akili ya masomo lazima awe na wepesi ule ule wa kuwaelewa watu. Ya pili ni kwamba asipofanya linalotarajiwa, basi amekusudia. Kwa mtoto mwenye Asperger, ambayo ni sura mojawapo ya usonji, hukumu zote mbili hazisimami, na adhabu inayojengwa juu yake haiwezi kuwa ya haki, hata pale anayeitoa anapokuwa mwalimu mwema anayewapenda wanafunzi wake.

Maana ya maneno yenyewe

Usonji, ambao wengine huuita tawahudi, ni tofauti katika namna ubongo unavyokua, tofauti inayokuwapo tangu utotoni na kubaki maisha yote. Humfanya mtu awasiliane, ahusiane na wenzake na apokee sauti, mwanga, harufu na mguso kwa namna isiyo ya wengi, na mara nyingi humfanya ashikilie sana utaratibu na mambo machache anayoyapenda. Usonji haufanani kwa kila mtu: yupo asiyesema kabisa na anayehitaji msaada kula na kuvaa, na yupo atakayekuja kuwa mhandisi. Asperger ni jina walilopewa watoto wa upande huu wa pili, yaani wale ambao lugha haikuchelewa na uwezo wao wa kujifunza ni wa kawaida au zaidi.

Jina hilo linatokana na Hans Asperger, daktari wa watoto wa mjini Vienna aliyeandika juu ya hali hiyo mwaka 1944, na lilienezwa na Lorna Wing, daktari wa Uingereza aliyekuwa na binti mwenye usonji, katika andiko lake la mwaka 1981. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliliondoa na kuijumuisha hali hiyo chini ya usonji, na orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 ikafanya vivyo hivyo. Mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alionyesha pia jinsi Asperger alivyoshirikiana na utawala wa Kinazi, na watu wengi wenye hali hii wameacha kulitumia jina lake kwa sababu hiyo. Nimelieleza hili kwa sababu lina athari ofisini: mzazi mwenye barua ya zamani iliyoandikwa "Asperger" na mwenye barua mpya iliyoandikwa "usonji" wanazungumzia jambo moja, na mwalimu mkuu asiikatae barua kwa madai kwamba ugonjwa huo haupo tena.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Tukilichukua kadirio hilo kama lilivyo, shule ya msingi yenye wanafunzi 1,000 inaweza kuwa na watoto saba au wanane wenye usonji, na haielekei kwamba wote wanajulikana.

Jinsi mtoto anavyousikia usemi wetu

Sisi tunaosema Kiswahili kila siku husahau ni mambo mangapi tunayosema bila kuyamaanisha. Ukimkuta jirani anakula, atakuambia "karibu chakula", nawe utajibu "starehe" na kuendelea na safari yako, kwa maana nyote wawili mnajua kwamba ule ulikuwa uungwana tu. Mtoto mwenye Asperger hukaa, akanawa, akala, kisha akashangaa kwa nini mama yake anamkemea njiani. Hakufanya tamaa. Amealikwa, naye ameitikia. Yuko kama mgeni aliyejifunza lugha yetu kitabuni na kuijua sarufi yake kuliko sisi wenyewe, lakini hakuna aliyemfundisha yale yasiyoandikwa.

Mpwa wangu, ambaye ni mmoja wa watoto hao, alikuwa darasa la tano katika shule moja ya serikali pale mwalimu alipoandika ubaoni kwamba 7 mara 8 ni 54. Kijana akasimama bila kunyoosha kidole akasema, "Mwalimu, umekosea." Darasa likacheka. Mwalimu, akiwa amefedheheka mbele ya wanafunzi zaidi ya 80, akamwambia, "Haya basi, njoo ufundishe wewe." Mpwa wangu akaenda mbele, akachukua chaki, akafuta 54 kwa kiganja, akaandika 56 na kuanza kueleza. Alichapwa viboko na kupigishwa magoti hadi mapumziko. Alipotakiwa kuomba radhi alisema hawezi, kwa sababu jibu ni 56 kweli, na hapo akaongezewa adhabu ya kiburi. Jioni ile hakulia. Alimuuliza mama yake swali moja tu: kama mwalimu hakutaka niende ubaoni, kwa nini aliniita?

Wiki iliyofuata mwalimu alimwita ubaoni kwa dhati, kama anavyowaita wengine, naye akakataa kuinuka. Akaadhibiwa kwa ukaidi. Mtu akiyaangalia matukio hayo mawili kwa utulivu ataona kwamba adhabu ya kwanza ilifundisha, tena ilifundisha vizuri sana, ila somo lililoingia halikuwa lile lililokusudiwa. Mtoto alijifunza kwamba kwenda ubaoni unapoitwa kunaleta viboko.

Lipo na jambo la macho na salamu. Maelezo mengi ya usonji yaliyoandikwa nchi za Magharibi yanataja kutomtazama mtu machoni kuwa dalili kubwa, lakini kwetu mtoto hufundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, kwa hiyo dalili hiyo hupita bila kuonekana na mara nyingine husifiwa kuwa adabu. Kinachoonekana kwetu ni kinyume chake: mtoto anayemkodolea macho mzee, anayemsahihisha mbele za watu, au asiyetoa shikamoo mara ya pili kwa mwalimu aliyekwisha kumwamkia asubuhi ile ile, kwa kuwa kwa hesabu yake kazi hiyo imeshafanyika. Hapa ndipo neno "jeuri" linapozaliwa, na ndipo mzazi anapopaswa kuwa tayari na maelezo.

Kelele, na kile kinachoitwa utoro

Kengele ya shule nyingi ni rimu ya gari iliyotundikwa mtini na kugongwa kwa kipande cha nondo. Kwa sikio la kawaida ni mlio mkali unaopita. Kwa baadhi ya watoto wenye usonji ni maumivu, na baada ya kengele hufuata mstari, wimbo, msukumano na vumbi, kisha darasa lenye watoto wawili wawili au watatu watatu kwenye dawati moja. Anayetaka kuelewa hali hiyo ajiwazie akifanya mtihani ndani ya mashine ya kusaga huku mtu akimgusagusa bega. Mtoto huvumilia saa moja, mbili, tatu, akitumia nguvu ambazo hakuna anayeziona, kisha kitu kidogo kabisa, kama kalamu iliyochukuliwa bila ruhusa, kinamfanya apige kelele, asukume meza au akimbie. Wengine hawalipuki, huzima, wakawa hawasemi wala hawaitiki, na kwa mwalimu wa zamu huko ni kugoma.

Maziwa yakifurika jikoni hupunguzwa moto. Mtoto aliyelipuka hasikii maelezo, na kumchapa wakati huo ni kuongeza moto. Anahitaji mahali pa utulivu na muda. Mazungumzo juu ya kilichotokea yafanyike baadaye, kwa maneno machache yaliyonyooka.

Mara nyingi pia aliyelipuka ndiye pekee aliyeonekana. Wenzake hujua upesi kwamba fulani akiguswa kofia hupagawa, na huo huwa mchezo wao wa kila siku. Wanafanya kwa siri, yeye anajibu kwa sauti, na mwalimu anageuka kutoka ubaoni kwa wakati ule tu wa jibu. Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi katika ofisi ya mwalimu mkuu lisiwe "kwa nini mmempiga mwanangu?", swali linalofunga mlango. Liwe: nini kilitokea dakika kumi kabla?

Yanayosemwa mitaani

Baadhi ya yanayosemwa yanahitaji jibu fupi tu. Usonji hautokani na majini wala laana. Hautokani na mama aliyedekeza. Hautokani na chanjo: andiko la mwaka 1998 lililozua dhana hiyo lilifutwa mwaka 2010 na jarida lililokuwa limelichapisha, na tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano wowote.

Dhana inayohitaji jibu refu zaidi ni ile isemayo kwamba kumtambua mtoto huyu ni kumpa kibali cha kufanya atakavyo. Mzazi asidai hivyo, wala mimi sidai hivyo. Mtoto mwenye Asperger akimuumiza mwenzake, yule aliyeumia ana haki ya kulindwa, na aliyeumiza anapaswa kufundishwa kwamba haifai. Watoto hawa wengi hupenda kanuni na huzishika kuliko wenzao, almradi zimesemwa waziwazi na hazibadiliki kwa kila mwalimu. Kinachodaiwa ni kwamba kabla ya kumrudi mtoto ijulikane alielewa nini, na kwamba asiadhibiwe kwa kuziba masikio, kujitikisa, kupunga mikono au kujibu swali jinsi lilivyoulizwa.

Sheria inasema nini

Wazazi wengi Tanzania huamini kwamba, kwa kuwa viboko vinaruhusiwa shuleni, hakuna la kusema. Sivyo. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinakataza kumtesa na kumdhalilisha mtoto, kisha kinaweka mipaka ya kumrudi: hakukubaliki kukizidi kiasi kwa kuzingatia umri wa mtoto na hali yake ya mwili na akili, na hakukubaliki kabisa ikiwa mtoto, kwa udogo wa umri au kwa sababu nyingine, hawezi kuelewa makusudi ya kurudiwa huko. Mzazi wa mtoto mwenye Asperger aisome sehemu hiyo ya mwisho mara mbili. Swali la mpwa wangu kuhusu ubao, tukilitafsiri kwa lugha ya wanasheria, ndilo hilo hilo.

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979, zilizorekebishwa mwaka 2002, nazo zina masharti ambayo shule nyingi huyasahau. Viboko ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, visizidi vinne, hutolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, huandikwa katika kumbukumbu, na anayetoa adhabu anatakiwa kupima uzito wa kosa, umri, jinsia na afya ya mwanafunzi. Maoni yangu ni kwamba fimbo haina nafasi katika shule yoyote, kwa mtoto yeyote. Lakini hata kabla sheria haijafika huko, mwalimu aliyearifiwa kwa barua kwamba mtoto ana usonji hawezi tena kusema hakuwa na la kupima.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki sawa ya kusoma katika shule ya umma au binafsi, hivyo shule inayomwambia mzazi "mtafutie mahali pengine panapomfaa" haitekelezi fadhila, inakwepa wajibu. Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26 unaelekeza upande huo huo. Najua wapo wazazi wanaosita kuliandika neno "ulemavu" karibu na jina la mtoto anayeshika nafasi ya kwanza darasani. Dada yangu alikaa na barua mezani siku kumi kwa sababu ya neno hilo. Lakini mlango wa haki hizi umeandikwa hivyo, na mtoto hapungukiwi na kitu kwa kupita mlangoni.

Kwa wasomaji wa Kenya mambo ni mepesi zaidi katika maandishi. Viboko vilipigwa marufuku mwaka 2001, na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza adhabu ya mwili pamoja na mateso ya akili, kosa ambalo faini yake hufika shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Kifungu cha 35 kinataka mtoto na mzazi wasikilizwe kabla ya mtoto kufukuzwa, baada ya njia nyingine zote kushindikana. Vituo vya serikali vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu vilianza mwaka 1984, na huko ndiko pa kuanzia.

Njia ya kuomba msaada

Anza na daftari kabla ya kwenda popote. Kwa majuma mawili au matatu andika kila tukio: tarehe, saa, somo, kilichotangulia, mtoto alifanya nini, alifanywa nini. Mpangilio hujitokeza wenyewe. Katika daftari la dada yangu matukio karibu yote yalitokea ama mstarini asubuhi ama katika kipindi cha baada ya mapumziko, na hakuna hata moja lililotokea maktaba.

Kisha tafuta upimaji. Kila halmashauri ya Tanzania huwa na afisa anayeshughulikia elimu maalumu, na huyo ndiye wa kumuuliza kuhusu upimaji wa kielimu. Kwa upande wa tiba, mweleze daktari wa wilaya kwa mifano ya daftari na uombe rufaa kwenda hospitali yenye idara ya afya ya akili ya watoto. Foleni inaweza kuwa ndefu. Usisubiri cheti ndipo uombe marekebisho madogo, kwani mwalimu hahitaji cheti ili kumhamisha mtoto dawati.

Omba kuonana na mwalimu mkuu kwa miadi, mkiwa wawili ikiwezekana, na mwalimu wa darasa awepo. Beba ukurasa mmoja, usiwe mitano. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 hawezi kutekeleza mambo ishirini, lakini anaweza kutekeleza matatu: mtoto asimame mwisho wa mstari, mbali na kengele, awe na mahali palipokubaliwa pa kwenda akizidiwa, na kwenda huko kusihesabiwe utoro, na maagizo kwake yatolewe kwa maneno yaliyonyooka, moja baada ya jingine, bila fumbo wala kejeli. Ongeza sentensi moja ya kuomba mtoto asipewe adhabu ya mwili, bali uitwe wewe kwanza. Baada ya kikao peleka barua inayorudia yale mliyokubaliana, na nakala yako igongwe muhuri kwamba imepokelewa. Nakala hiyo ndiyo itakayosema baadaye wakati watu wamehamishwa na kumbukumbu zimepotea.

Yasipotekelezwa, ngazi ni hizi: kamati ya shule, afisa elimu kata, kisha afisa elimu wa halmashauri, na sambamba naye afisa ustawi wa jamii. Shule binafsi nayo ina bodi yake na iko chini ya sheria zile zile. Mtoto akiumizwa, usianze na ngazi hizo: mpeleke Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, upewe fomu ya PF3, kisha hospitali, siku ile ile, kabla alama hazijafifia. Namba 116, ambayo hupigwa bila malipo Tanzania na Kenya, hupokea taarifa za watoto wanaonyanyaswa, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko dhidi ya mamlaka za umma.

Na mtoto mwenyewe aelezwe. Aambiwe kwa lugha yake kwamba ubongo wake hupokea mambo kwa namna yake, na afundishwe misemo kama masomo mengine: mtu mzima akisema "njoo ufundishe wewe" kwa sauti ile, maana yake amekasirika na anataka ukae. Mpwa wangu ana daftari la misemo hiyo. Ilikuwa imefika 43 nilipoiona mara ya mwisho.

Shule yake ilikubali mambo mawili kati ya matatu. Mahali pa kwenda akizidiwa palikuwa benchi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, na mwalimu wa hisabati, alipokwisha kuelezwa, alimwita faragha akamwambia kwamba 56 lilikuwa jibu sahihi na kwamba wakati mwingine anyooshe kidole. Suala la mstari lilikataliwa, ikisemwa kwamba wote watataka. Januari, alipoingia darasa la sita na walimu wakabadilika, dada yangu alirudi ofisini na ukurasa ule ule na nakala ya barua yenye muhuri, akaomba dakika kumi na tano, akaanza kueleza upya.